Uchumi Kukua Bila Kikomo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kigoma

Maswali haya hurudiwa kila redio inapotangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia kadhaa: mwaloni Katonga, sokoni Mwanga, kwenye vikao vya halmashauri Kasulu. Tumeyapanga kuanzia mepesi. Mwenye haraka aende swali la 9, maana ndilo linaloleta ugomvi.

## Mambo ya msingi

1. Redio ikisema uchumi umekua, hasa kilichokua ni nini?

Ni Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zilizozalishwa nchini ndani ya kipindi fulani, mwaka au robo mwaka. Kwetu hesabu hiyo hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ukiondoa mfumuko wa bei, namba ikiwa kubwa kuliko ya mwaka uliotangulia, basi uchumi umekua.

Namba hiyo inahesabu kilichozalishwa mwaka huo. Haisemi kilichobaki ghalani. Kijiji cha Uvinza kikikata msitu wake wote wa miombo na kuchoma mkaa, kila gunia lililouzwa litaingia kwenye hesabu, na mwaka huo kijiji kitaonekana kimepaa. Msitu uliotoweka hautatolewa popote kama hasara. Mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na jambo hili moja.

2. Nani aliamua kwamba hicho ndicho kipimo cha ustawi?

Hakuna aliyeamua hivyo waziwazi. Mwaka 1934, Marekani ikiwa kwenye mdororo mkubwa, mchumi Simon Kuznets aliwasilisha kwa Bunge la nchi hiyo makadirio ya pato la taifa. Serikali ilitaka kujua uchumi umeporomoka kiasi gani. Katika ripoti hiyohiyo Kuznets alionya kwamba ustawi wa watu hauwezi kusomwa kutoka kwenye namba ya pato peke yake. Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza hamu ya kujua nchi inaweza kuzalisha kiasi gani, na mwaka 1953 Umoja wa Mataifa ukatoa mfumo wa pamoja wa hesabu za taifa ili nchi ziweze kulinganishwa. Onyo la Kuznets likabaki maktabani, namba ikaenda kwenye hotuba.

3. Kazi ya mama nyumbani imo?

Haimo, na hapa kuna jambo la kushangaza kidogo. Mhogo uliolima na kuula mwenyewe unahesabiwa, kwa makadirio. Kusonga ugali wake hakuhesabiwi. Kulea watoto, kufua na kuuguza mgonjwa nyumbani navyo havimo. Mama huyohuyo akiajiriwa kupika kwenye mgahawa pale stesheni, ugali uleule unakuwa sehemu ya uchumi.

4. Kuna mambo mabaya yanayopandisha namba?

Yapo mengi. Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Ulikuwa umeme wa gharama kubwa na wa kukatikakatika, lakini shughuli zote zilizouzunguka, kuanzia kusafirisha mafuta hadi kutengeneza mitambo, ziliongeza kitu kwenye hesabu. Ajali za bodaboda huleta kazi kwa mafundi na kwa wodi za mifupa. Mlipuko wa kipindupindu huuza dawa na dripu. Kipimo hakiulizi kama matumizi hayo yametuongezea kitu au yamerudisha tu kilichoharibika.

## Ziwa, msitu na shamba

5. Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu. Hiyo si kuua uchumi wa Kigoma?

Swali hili lina haki ya kuulizwa kwa hasira. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania, kwa makubaliano ya nchi nne zinazomiliki ziwa: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Kwa mtu anayekula anachopata siku hiyo, awe mvuvi wa kipe, mama mwenye vichanja vya dagaa au kijana wa kubeba magunia Kibirizi, miezi mitatu ni mirefu sana. Aliyekaa ofisini akapokea mshahara wake kama kawaida asimwambie mama huyo kwamba ni kwa faida yake mwenyewe.

Ila tuangalie hesabu mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mauzo. Ziwa likifungwa, mauzo yanashuka na mkoa unaonekana umerudi nyuma. Ya pili ni ya samaki waliomo majini. Dagaa ni samaki wa maisha mafupi, kama mwaka mmoja hivi, na anazaa haraka, kwa hiyo akiachiwa nafasi anarudi. Akivuliwa kabla ya kuzaa, mauzo ya leo ni mkopo kutoka msimu ujao. Kwa Pato la Taifa, kilo iliyovuliwa kwa kumaliza mbegu na kilo iliyovuliwa kwa kiasi ni kitu kimoja.

Waliovua bila kusimama wapo, na yaliyowapata yanajulikana. Kanada, kwenye pwani ya Newfoundland, walivua chewa kwa karne kadhaa. Meli kubwa zilipokuja, mavuno yalipanda kwa kasi na takwimu zikapendeza. Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo kwa sababu samaki walikuwa wamekaribia kuisha, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Kufunga kwao kulikusudiwa kuwe kwa miaka miwili. Kukaendelea kwa miongo. Ukilinganisha, miezi mitatu ya kwetu ni bei ndogo. Lakini ni bei, na namna ya kuigawa (nani anafidiwa, nani anapewa kazi ya muda, ada za watoto zinasubiriwa au la) ni suala la haki ambalo kufunga ziwa peke yake hakulijibu.

Wazee wa Ujiji watakukumbusha kwamba ziwa lilikuwa na mapumziko yake hata kabla ya sheria. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, hivyo mitumbwi ilikaa ufukweni na watu wakashona nyavu.

6. Si tununue vyombo bora zaidi, tuvue mbali na kwa wingi?

Taa za karabai zilibadilishwa na taa za sola, injini zikaongezeka, nyavu zikarefuka. Kila hatua ilimsaidia aliyekuwa wa kwanza kuifikia. Wote walipoifikia, samaki walikuwa walewale wakigawanywa kwa vyombo vingi zaidi.

Na huenda hata si walewale. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, na rutuba yake nyingi imelala huko. Upepo wa kusi ndio unaosaidia kuipandisha juu, vijimea vya majini vikaota, dagaa wakala, migebuka wakawala dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanakuwa mepesi na kukataa kuchanganyika na yale baridi ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20 kwa sababu hiyo. Hakuna injini inayoweza kuvua rutuba ambayo haikupanda.

Pale teknolojia inaposaidia kweli ni nchi kavu. Dagaa aliyeanikwa mchangani na dagaa aliyeanikwa kwenye kichanja wametoka ziwa moja, usiku mmoja, lakini wa kichanja hana mchanga, haozi ovyo mvua ikinyesha, na anauzwa kwa bei nzuri zaidi. Hapo kipato kimepanda bila samaki hata mmoja wa ziada. Tutarudi kwenye hili swali la 10.

7. Na jirani zetu wa Tabora na tumbaku yao?

Hesabu ni ileile ya msitu katika swali la 1. Urambo, Kaliua na Sikonge tumbaku imejenga nyumba na kusomesha watoto, na hakuna mwenye haki ya kulibeza hilo. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na kuni ni miombo. Kwenye hesabu za taifa, mauzo ya tumbaku yanaingia. Miti iliyokwenda na moto haitolewi. Nyuki wanaitegemea miti hiyohiyo, na asali ni jina la Tabora tangu zamani. Mwenye mizinga anapoteza kimyakimya mapato ambayo mwenye bani hakumnyang'anya kwa makusudi.

8. Kupanda miti kunaongeza uchumi au kunapunguza?

Kwa muda mfupi kunagharimu. Mfano wa karibu ni vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Gombe. Vilima vya nje ya hifadhi vilikuwa vimebaki vipara, na mvua ilishusha udongo hadi ziwani. Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE, ambao haukuanza kwa kuwahubiria watu habari za sokwe. Ulianza kwa kuuliza wanavijiji wanahitaji nini: maji, afya, shamba linalozaa. Misitu ya vijiji ikaanza kurudi baadaye. Kilima kilichorudisha miti hakina risiti, kwa hiyo hukisikii kwenye bajeti.

Michikichi ni jambo la kati. Tangu 2018 serikali imeisukuma sana mkoani kwetu, miche ya kisasa ikitoka kituo cha utafiti cha Kihinga, kwa sababu nchi inatumia fedha nyingi za kigeni kuagiza mafuta ya kula. Ikipandwa kwenye mashamba yaliyochoka ni neema. Ikipandwa kwa kufyeka msitu, rudi swali la 1.

## Hoja za kupinga

9. Yaani mnataka tubaki maskini?

Hapana. Na anayekuja Kakonko kuhubiri kwamba watu wasitamani bati, umeme na barabara ya lami, mpuuzeni.

Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967 kwenye sensa ya 2022. Kuna vijiji ambavyo mjamzito bado anabebwa kwa pikipiki kwenye barabara ya matope. Zahanati lazima ziongezeke, pamoja na madawati, visima, nyaya za umeme na vyakula vyenye lishe. Vyote hivyo vitapandisha Pato la Taifa, na vizuri. Anayetilia shaka ukuaji usio na mwisho anauliza maswali matatu: kinakua nini, kinamfikia nani, na kinabakiza nini. Hivyo vyote vinavyohitajika Kakonko vina kiasi cha kutosha. Kijiji kinahitaji kisima, pengine viwili au vitatu. Hakihitaji visima vinavyoongezeka kwa asilimia saba kila mwaka milele.

Halafu kuna ushahidi kwamba namba kubwa na maisha mazuri hutengana mara nyingi. Kosta Rika ina pato la mtu ambalo ni sehemu ndogo tu ya lile la Marekani, lakini watu wake huishi takriban miaka 80, sawa na Wamarekani au kuwazidi kidogo. Ilifuta jeshi lake mwaka 1948 na ikawekeza kwa muda mrefu kwenye elimu na huduma za afya za ngazi ya chini. Upande wa pili iko Guinea ya Ikweta: mafuta yaliipaisha hadi kuwa miongoni mwa nchi zenye pato kubwa la mtu Afrika, huku wananchi wengi wakibaki bila maji safi na watoto wachanga wakiendelea kufa kwa wingi. Nchi zote mbili ziliwahi kusifiwa kwa kukua. Kwa mtoto wa miaka mitano, tofauti yao ni kubwa mno.

10. Asilimia 7 kwa mwaka ni kidogo tu. Mbona mnasema "bila kikomo"?

Kwa sababu inajizidisha. Uchumi unaokua kwa asilimia 7 unakuwa mara mbili kila baada ya miaka 10 hivi. Baada ya miaka 100 unakuwa mara 867. Kwa kila gunia la dagaa ambalo bandari ya Kibirizi inapakia leo, kwa mwendo huo vitukuu watapakia magunia 867 kutoka ziwa lilelile.

Kuna jibu la wachumi hapa, na tulipe heshima yake: Pato la Taifa ni thamani, si uzito. Inaweza kukua kwa ubora, kama dagaa wa kichanja katika swali la 6, au kwa huduma kama ufundi simu na ushonaji. Ni kweli, na nchi kadhaa, Uingereza ikiwemo, zimekuza uchumi huku zikipunguza hewa ya ukaa inayozalishwa ndani ya mipaka yao. Ila hadi sasa, kwa dunia nzima, uchumi unapokua malighafi zinazochimbwa, kukatwa na kuvuliwa zimeendelea kuongezeka. Kwa hiyo ubora ndiyo njia ya kusukuma, lakini haijathibitika kwamba unaweza kubeba kukua kwa milele.

11. Bila ukuaji vijana watapata wapi kazi?

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na jibu letu halijakamilika. Kwenye sensa ya 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Uchumi ukikua kwa asilimia 5, kwa kila mtu unakua chini ya 2 tu. Ukisimama kabisa, kila mtu anarudi nyuma. Kwa nchi yenye vijana wengi namna hii, kusimamisha ukuaji leo ni ukatili.

Lakini ukuaji nao hauleti kazi wenyewe. Mgodi mkubwa unaweza kupandisha takwimu za mkoa na kuajiri watu wachache. Kiwanda kidogo cha kukamua mawese na kutengeneza sabuni kinapandisha kidogo na kuajiri wengi. Anayepanga kwa kuangalia asilimia peke yake atachagua mgodi kila mara.

12. Kwa nini nchi tajiri zisianze kujiwekea kikomo?

Ndizo zinazopaswa kuanza. Zilikua kwa karne mbili kwa makaa ya mawe na mafuta, na sehemu kubwa ya joto tulilolitaja katika swali la 6 limetokana na moshi wao. Kigoma haikulipasha moto ziwa lake yenyewe.

13. Hii si Ujamaa umevaa kanzu mpya?

Kuna undugu, haukanushiki. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora kuwa ndiyo mahitaji ya maendeleo, likakataa fedha kuwa msingi wake. Lakini serikali ya wakati ule nayo ilitaka viwanda na mavuno makubwa, na wazee wa huku wanakumbuka Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipohamishwa kutoka mashamba yao kwenda vijiji vya kupangwa. Fundisho tunalolichukua humo ni dogo: hata mpango unaojali utu, ukiamuliwa juu na kushushwa chini, unaumiza. Wanaotilia shaka ukuaji wako vyama vyote, na wengine hawana chama.

## Vipimo vingine

14. Tukiacha Pato la Taifa, tupime nini?

Tusiliache. Linasaidia kupanga kodi na kujua kama uchumi umeporomoka, kazi aliyoitaka Kuznets. Kosa ni kulifanya hakimu.

Tangu 1990 Umoja wa Mataifa hutoa Kipimo cha Maendeleo ya Watu, kazi iliyoongozwa na mchumi Mahbub ul Haq kwa msaada wa mchumi mwenzake Amartya Sen, kinachochanganya kipato, elimu na umri wa kuishi. Mwaka 2009 tume ya Joseph Stiglitz, Sen na Jean-Paul Fitoussi, iliyoundwa na serikali ya Ufaransa, ilipendekeza kuangalia vitu vingi kwa pamoja kama dereva anavyoangalia mafuta, mwendo na joto la injini, si mwendo tu. Na marekebisho ya mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa yaliyopitishwa 2025 yanataka kumalizwa kwa maliasili kuhesabiwe kuwa gharama kwenye pato halisi baada ya kutoa uchakavu. Hesabu ya msitu wa swali la 1 itaanza kubadilika, polepole.

Kwa halmashauri yetu tungeanza na vichache: watoto waliodumaa, dakika za kutembea hadi kwenye maji, ukubwa wa dagaa wanaoshushwa mwaloni (wakizidi kuwa wadogo, kuna shida), hekta za msitu wa kijiji, na kipato cha kaya iliyo katikati kabisa badala ya wastani. Wastani hudanganya. Chukua watu kumi: mmoja anapata shilingi milioni 10 kwa mwezi, tisa laki moja kila mmoja. Wastani wao ni milioni 1.09, namba ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipata.

15. Bhutan si wanapima furaha?

Ndiyo. Wazo hilo lilitolewa na mfalme wao miaka ya 1970, na limo kwenye katiba yao ya 2008. Tusiliige jinsi lilivyo. Mtu aliyezoea shida anaweza kusema ana furaha, na kiongozi mvivu akalitumia jibu hilo kama cheti.

16. Dira 2050 inataka uchumi wa dola trilioni 1. Mnaipinga?

Dira hiyo ya maendeleo ya taifa, iliyozinduliwa Julai 2025, inalenga pia pato la dola 7,000 kwa kila mtu. Ina malengo mengine mengi ya afya, elimu na mazingira, ila hilo la trilioni ndilo linaloimbwa. Hatupingi, tunaomba kwamba katika mkutano wa hadhara, mbunge akitaja trilioni, aulizwe na hayo mengine. Kuhusu wastani, tazama swali la 14.

## Maswali ya pembeni

17. Fedha za misaada kwenye kambi za wakimbizi nazo ni ukuaji?

Zinahesabiwa, kupitia mishahara, usafirishaji na manunuzi ya ndani. Nyarugusu na Nduta zimechangamsha biashara Kasulu na Kibondo kwa miaka mingi, na kambi ya Mtendeli ilipofungwa 2021 Kakonko wengine walipoteza wateja. Ukifurahia ukuaji wa aina hiyo, kumbuka kwamba chanzo chake ni watu kukimbia makwao, na kwamba wakirudi salama namba zitashuka.

18. Na kama mafuta yatapatikana chini ya ziwa?

Utafutaji umewahi kufanyika, kwa hiyo si swali la kubuni. Kwanza, soma habari za Nauru. Kisiwa hicho cha Pasifiki kilichimba fosfeti, miaka ya 1970 kikawa miongoni mwa nchi zenye pato kubwa zaidi la mtu duniani, kisha fosfeti ikaelekea kuisha, fedha zikatumiwa vibaya, na takriban asilimia 80 ya ardhi yake ikabaki mawe makavu yasiyolimika. Norwei, kwa kulinganisha, iliunda mfuko wa mafuta mwaka 1990 ili vizazi vijavyo navyo vipate. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya 2015, yenye mfuko wake.

Pili, mafuta yakimwagika hapa hayaendi baharini. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yake hubadilika kwa kipindi cha karne nyingi. Kwa hiyo kabla ya kujadili mgao wa mapato, halmashauri idai kuona mpango wa kuzuia na kusafisha umwagikaji, fedha zake zikiwa zimeshatengwa, na nchi zote nne zikiwa zimeusaini.